Wenye Viwanda Walipoiombea Chekechea

Machi 1991 wakuu watano wa makampuni makubwa ya Marekani waliketi mbele ya kamati ya bajeti ya Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Walitoka AT&T na BellSouth za simu, Honeywell ya mitambo, Prudential ya bima, na Sky Chefs inayopika chakula cha abiria wa ndege. Wabunge wamezoea kuwaona watu wa aina hii wakija kuomba kupunguziwa kodi au kulegezewa masharti. Safari hii walikuja kuombea maziwa. Walitaka serikali iongeze fedha za WIC, mpango unaowapa chakula wajawazito na wanaonyonyesha wa kipato cha chini, pamoja na watoto wao hadi wafikishe miaka mitano.

Watetezi wa watoto walikuwa wakiomba jambo hilo hilo miaka nenda miaka rudi. Walisikilizwa kwa heshima, wakashukuriwa, wakarudi makwao. Ombi likitoka kinywani mwa mwajiri wa maelfu ya watu huwa na uzito mwingine, na watetezi hao walilijua hilo vizuri. Kwa takriban miaka arobaini sasa Wamarekani wamekuwa wakiwatanguliza matajiri mbele kuwasemea watoto ambao hata kusoma hawajui. Kuna walichovuna, na kuna mahali walipouziwa mbuzi kwenye gunia.

Mwanzo wake ni chombo kiitwacho Committee for Economic Development, kwa kifupi CED. Kiliundwa mwaka 1942 na wafanyabiashara waliohofia kwamba vita vikiisha uchumi utarudi kwenye mdororo wa miaka ya 1930. Mmoja wa waasisi wake, Paul Hoffman wa kampuni ya magari ya Studebaker, ndiye aliyekuja kusimamia Mpango wa Marshall wa kuijenga upya Ulaya. Hawa si watu wa kugawa pipi kwenye vituo vya yatima. Mwaka 1985 CED ilitoa ripoti kuhusu shule za serikali, na kamati yake iliongozwa na Owen Butler, mwenyekiti wa Procter & Gamble, watengenezaji wa sabuni na nepi. Siku hizo waajiri wa Marekani walikuwa na manung'uniko mawili: Wajapani wanawapiku sokoni, na vijana wanaomaliza sekondari hawana ujuzi wa kazi za kisasa. Mtu angetarajia ripoti iwalaumu walimu wa sekondari na kuishia hapo. Butler na wenzake walirudi nyuma zaidi, hadi kabla ya darasa la kwanza. Mtoto aliyeanza shule akiwa ameshaachwa nyuma, walisema, ni ghali mno kumfikisha walipo wenzake. Ripoti yao ya pili, ya mwaka 1987, ilidai fedha za umma zimfuate mtoto maskini tangu akiwa tumboni.

Mwaka uliofuata James Renier, mkuu wa Honeywell, aliungana na shirika la hisani la United Way mjini Minneapolis kuanzisha mpango wa Success By 6. Lengo lake lilikuwa mtoto afikishe miaka sita akiwa na afya na utayari wa kusoma. Mpango huo ulienea katika miji mingi ya Marekani na Canada. Renier alikuwa miongoni mwa wale watano wa mwaka 1991.

Lakini hoja ya wakati huo bado ilikuwa na pengo. Kila mtu alikubali kwamba chekechea ni jambo jema, na mambo mema ni mengi kuliko fedha za hazina. Ilihitajika hesabu.

Hesabu ilitoka mji mdogo wa Ypsilanti, jimbo la Michigan. Kati ya mwaka 1962 na 1967, ofisa wa elimu aliyeitwa David Weikart aliwachukua watoto 123 weusi kutoka familia fukara, watoto ambao vipimo vilibashiri kwamba wangefeli shule, akawagawa makundi mawili kwa njia iliyokaribia bahati nasibu. Watoto 58 waliingia chekechea ya Shule ya Perry wakiwa na miaka mitatu au minne. Wengine 65 walibaki nyumbani kama ilivyokuwa kawaida. Darasa la Perry lilikuwa la asubuhi tu, saa mbili na nusu, ila mwalimu mmoja alikuwa na watoto watano au sita, na kila wiki alimtembelea mtoto nyumbani akakaa na mama yake saa moja na nusu.

Matokeo ya kwanza yalikatisha tamaa. Alama za vipimo vya akili zilipanda, kisha baada ya miaka michache shuleni zikashuka hadi makundi yote mawili yakalingana. Mradi mwingine wowote ungefungwa hapo. Watafiti wa Ypsilanti hawakuacha, wakaendelea kuwafuata watoto hao hadi wakawa watu wazima wenye watoto wao. Walipofika miaka 40, waliosoma chekechea walikuwa wamemaliza sekondari kwa asilimia 77, wenzao asilimia 60. Waliokuwa na kipato cha zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka walikuwa asilimia 60 dhidi ya asilimia 40. Waliokamatwa na polisi mara tano au zaidi walikuwa asilimia 36, na upande wa pili asilimia 55.

Mwaka 2003 takwimu za Perry zilitua kwenye meza isiyotarajiwa. Arthur Rolnick alikuwa mkurugenzi wa utafiti wa Federal Reserve ya Minneapolis, moja ya benki 12 zinazounda mfumo wa benki kuu ya Marekani. Kazi yake ilikuwa mambo ya fedha na mabenki, wala hakuwa na historia yoyote na watoto. Alijulikana zaidi kwa kupinga desturi ya majimbo kushindana kutoa ruzuku ili kuvutia viwanda na viwanja vya michezo. Katikati ya miaka ya 1990 aliandika akilitaka Bunge likomeshe vita hivyo, kwa sababu kiwanda kikihama kutoka jimbo moja kwenda jingine taifa halijapata ajira hata moja mpya. Waliokuwa wakipigania watoto wa Minnesota walipomletea hoja zao, aliwaambia kwamba huruma haitawafikisha mbali na kwamba wanapaswa kuonyesha faida. Kazi hiyo ikamwangukia yeye mwenyewe.

Akishirikiana na Rob Grunewald, Rolnick alizichukua fedha zilizotumika Perry kama mtaji na kupiga hesabu ya riba yake, kama anavyofanya mtu anayetaka kununua hati fungani. Walipata faida halisi ya asilimia 16 kwa mwaka, mfumuko wa bei ukiwa umeshatolewa. Ukihesabu faida ya umma peke yake, bila kuingiza kipato cha wale watoto wenyewe, ilikuwa asilimia 12. Miradi ya serikali inayoleta faida ya namna hiyo ni ya kutafuta kwa tochi. Mwanauchumi James Heckman wa Chuo Kikuu cha Chicago, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alizipitia takwimu hizo hizo kwa ukali zaidi na kupata kati ya asilimia 7 na 10. Hata hiyo bado ni faida nono.

Kuanzia hapo lugha ilibadilika. Mkuu wa kampuni aliyekuwa akiona aibu kuzungumzia watoto wadogo mbele ya wanahisa sasa alikuwa na namba ya kutaja. Minnesota ndiyo iliyokwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 makampuni makubwa ya jimbo hilo, yakiwemo Cargill ya nafaka na General Mills ya vyakula, yaliunda mfuko wa Minnesota Early Learning Foundation, likachangwa fungu la takriban dola milioni 20. Jambo la busara ni kwamba waliupa mfuko huo tarehe ya kufa: mwaka 2011 ungefungwa. Haukukusudiwa kuichukua kazi ya serikali. Ulikusudiwa kujaribu njia na kumkabidhi mwenye wajibu. Wakajaribu katika mitaa ya kipato cha chini ya mji wa St. Paul. Mzazi alipewa ufadhili wa hadi dola 13,000 kwa mwaka, akachagua mwenyewe kituo cha kumpeleka mwanawe mradi kituo hicho kimepimwa na kupewa nyota za ubora, na mtu wa kumtembelea nyumbani alianza kazi hata kabla mtoto hajafikia umri wa chekechea. Mfuko ulipofungwa, serikali ya Washington iliipa Minnesota dola milioni 45 kuendeleza mfumo wa nyota, na mwaka 2013 bunge la jimbo likaanza kugharamia ufadhili huo kwa fedha za walipa kodi.

Chicago walikuwa na mtu wa tabaka hilo hata kabla ya hesabu za Rolnick. Irving Harris na mdogo wake Neison walitajirika kwa dawa ya nywele. Kampuni yao ya Toni, iliyowawezesha wanawake kujitengenezea mawimbi ya nywele nyumbani bila kwenda saluni, iliuzwa kwa Gillette mwaka 1948 kwa dola milioni 20. Maisha yake yaliyobaki Harris alikuwa akikazania jambo moja, kwamba miaka mitano ni kuchelewa na kazi ianze na mtoto mchanga. Mwaka 1982 alianzisha Ounce of Prevention Fund kwa ubia na serikali ya Illinois, na alikuwa miongoni mwa waliosukuma hadi serikali kuu ikaanzisha Early Head Start mwaka 1994 kwa watoto wa chini ya miaka mitatu. Wengi huandika hundi na kuondoka. Yeye aliingia kwenye vyumba vya kamati za bunge na kubishana na wanasiasa kuhusu vifungu vya bajeti, kazi inayochosha na isiyopigwa picha.

Turudi kwenye ile asilimia 12, maana ina jambo ambalo wasemaji wa makampuni hulipitia haraka haraka. Sehemu kubwa ya faida ya Perry kwa umma, asilimia 88 kwa hesabu ya watafiti wenyewe, ilitokana na uhalifu ambao haukutendeka: polisi ambao hawakuitwa, kesi ambazo hazikufunguliwa, vitanda vya gereza vilivyobaki vitupu. Marekani hufunga watu wengi mno na kwa gharama kubwa, kwa hiyo kila kijana asiyefungwa ni akiba kubwa. Hesabu hiyo haihamishiki Mwanza au Kisumu kama ilivyo. Anayesimama kwenye warsha ya Nairobi au Dar es Salaam na kutangaza kwamba dola moja kwenye chekechea hurudisha dola 16 ananukuu bei za magereza ya Michigan pasipo kujua. Tena watoto wenyewe walikuwa 123, idadi isiyotosha hata kujaza shule moja ya kijijini.

Katika muongo uliofuata hesabu za Rolnick, hoja ya makampuni iligeuka. Walipoanza walizungumzia mfanyakazi wa miaka ishirini ijayo. Sasa wanamzungumzia mfanyakazi wa leo, yule mama anayepiga simu asubuhi kusema kituo cha mtoto kimefungwa na hataweza kuja kazini. ReadyNation, mtandao wa viongozi wa biashara wanaopigania watoto, ulikadiria mwaka 2018 kwamba uhaba wa malezi ya watoto wa chini ya miaka mitatu unaigharimu Marekani dola bilioni 57 kwa mwaka. Makadirio ya mwaka 2023 yalifika bilioni 122: familia zilipoteza bilioni 78 za kipato, waajiri bilioni 23, na walipa kodi bilioni 21. Chama kikuu cha wafanyabiashara, U.S. Chamber of Commerce, kupitia taasisi yake, nacho kilitoa ripoti jimbo baada ya jimbo kikipima hasara hiyo.

Kisha ukaja mwaka 2021, na mtihani ukawa wa kweli. Rais Joe Biden alipeleka bungeni muswada ambao ndani yake mlikuwa na takriban dola bilioni 400 za malezi ya watoto na chekechea kwa kila mtoto wa miaka mitatu na minne. Fedha hizo zingetokana na kodi za makampuni na matajiri. U.S. Chamber of Commerce iliupinga muswada huo kwa nguvu zote. Business Roundtable, klabu ya wakuu wa makampuni makubwa kabisa, iliendesha kampeni dhidi ya kodi zake. Baraza la Wawakilishi liliupitisha Novemba. Desemba ukakwama Seneti baada ya Seneta Joe Manchin, wa chama cha Biden mwenyewe, kukataa kuuunga mkono. Ni kweli muswada ule ulibeba mambo mengine mengi, na mtu angeweza kuupinga kwa sababu zisizohusiana na watoto. Hata hivyo ni vigumu kuzisoma zile ripoti za hasara za malezi, zenye jalada la picha ya mtoto anayecheka, bila kukumbuka saini ya nani ilikuwa kwenye barua za kupinga.

Kile makampuni yalichopata miaka minne baadaye kinaeleza mengi. Sheria ya kodi iliyotiwa saini Julai 4, 2025 ilipanua nafuu ya kodi kwa mwajiri anayewagharamia wafanyakazi wake malezi ya watoto. Kiwango chake kilipanda kutoka asilimia 25 ya gharama hadi 40, na ukomo ukatoka dola 150,000 hadi 500,000 kwa mwaka. Mfanyakazi wa kampuni kubwa yenye kituo chake atafaidika. Mama muuza duka, dereva wa kukodiwa au mfanyakazi wa nyumbani hana mwajiri wa kumjengea chekechea.

Kuna mtego mwingine, nao ni wa ubora. Mwaka 1998 Oklahoma, jimbo la wahafidhina kweli kweli, lilipitisha sheria ya chekechea kwa kila mtoto wa miaka minne. Ilipita kimya kimya, ikiwa imefichwa ndani ya marekebisho ya mgawo wa fedha za shule, na wabunge wengi hawakujua ukubwa wa walichokipigia kura. Sheria ilidai mwalimu mwenye shahada, alipwe sawa na walimu wengine wa shule za umma, asizidishiwe watoto kumi. Mjini Tulsa bilionea wa mafuta na benki George Kaiser aliongezea vituo vya watoto wachanga kwa fedha za taasisi yake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown wamewafuatilia watoto wa Tulsa kwa zaidi ya miaka kumi na kuona manufaa, hadi kwenye kujiunga na vyuo. Tennessee nayo ina chekechea ya jimbo. Watafiti wa Vanderbilt walifuatilia watoto wapatao 3,000 walioomba nafasi, na mwaka 2022 wakatoa jibu lililowashtua wengi: walioipata, walipofika darasa la sita, walikuwa na alama za chini na makosa mengi ya nidhamu kuliko walioikosa.

Majimbo mawili, sera zenye jina moja, matokeo yanayokinzana. Hakuna anayejua sababu zote, ila wataalamu wengi hunyoosha kidole kwenye kile kinachotokea ndani ya darasa. Na kinachotokea darasani kinamtegemea mtu ambaye soko limempangia ujira mdogo: Mei 2023 nusu ya walezi wa watoto nchini Marekani walilipwa chini ya dola 14.60 kwa saa. Mfanyabiashara aliyezoea kupunguza gharama za uzalishaji atapenda kupunguza hapo pia, na hapo ndipo faida yote ya Perry ilipokaa.

Afrika Mashariki inaanzia mahali tofauti. Kenya, kwa katiba ya mwaka 2010, elimu ya awali iko mikononi mwa kaunti. Tanzania ilifanya mwaka mmoja wa darasa la awali kuwa sehemu ya elimu msingi kwa sera ya mwaka 2014, ada zikafutwa kuanzia mwaka 2016, na Desemba 2021 ikazindua Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Sera si tatizo letu. Kiwango rasmi cha Tanzania ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, lakini yeyote aliyechungulia darasa la awali la shule ya serikali amewahi kuona watoto mia na zaidi wakiwa na mwalimu mmoja, wengine wamekaa sakafuni. Darasa la namna hiyo limeikaribia Tennessee kuliko Ypsilanti.

Sekta binafsi ya kwetu ina mahali pa kusemea. Baraza la Taifa la Biashara la Tanzania huongozwa na Rais mwenyewe, na wafanyabiashara hufika pale na madai ya kodi, vibali na bandari. Nairobi wana KEPSA, muungano wa sekta binafsi ya Kenya, ambao milango ya Ikulu si migeni kwake. Darasa la awali lingefaa kuwekwa kwenye orodha hiyo, likiwa na namba za hapa hapa: siku ngapi za kazi zinapotea kiwandani kwa sababu ya mtoto asiye na pa kuachwa, na halmashauri ya Temeke au kaunti ya Kilifi inahitaji walimu wangapi ili kufikia kiwango rasmi.

Na siku mwenye kiwanda atakaposimama kuiombea chekechea, msomaji amkaribishe kwa mikono miwili, kisha amwulize mambo mawili kabla hajakaa: mwalimu wa darasa hilo atalipwa kiasi gani, na ni kodi ipi ambayo yeye mwenyewe yuko tayari kuilipa ili mshahara huo utoke kila mwezi.